Kuwatafuta wenzenu wa sekondari Lubumbashi: anzeni kwa mwalimu

Wengi wanaotaka kukutanisha promosheni yao, yaani waliomaliza shule mwaka mmoja, hukimbilia kufungua kundi la WhatsApp. Wiki ya kwanza ni vifijo, ya pili ni kutakiana asubuhi njema, na mwezi haujaisha kundi limejaa video za mahubiri. Kosa ni kufungua kundi kabla ya kuwa na orodha. Orodha kwanza, tena kwenye daftari.

Msiitegemee akili yenu. Mtu huwakumbuka waliokaa naye dawati moja na wale wakorofi. Wapole wa nyuma husahaulika. Mtafuteni mwalimu aliyesimamia darasa lenu la sita, yule aliyeita majina kila asubuhi. Mara nyingi anakumbuka nani ni mdogo wa nani na baba yake alifanya kazi wapi. Mwendeeni nyumbani, Katuba au Ruashi, wawili, asubuhi, mmoja aulize na mwingine aandike. Kwa simu mzee hawezi kupitia majina arobaini. Msiende mikono mitupu: mfuko wa unga wa kilo 25 na sabuni vinamfaa kuliko cheti cha heshima. Tarehe 30 Aprili, sikukuu ya ualimu nchini kwetu Kongo, ni siku nzuri ya kumpigia hodi.

Majina yana mtego wake. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na watoto wakaandikishwa kwa majina ya mababu tu. Baada ya 1990 wengi waliyarudia. Ilunga Kasongo wa orodha ya 1985 huenda leo kwenye Facebook ni Jean-Claude. Na akina Ilunga mjini hawahesabiki, kwa hiyo andikeni pia jina la utani na mtaa alikotoka. Kwa wanawake, ulizeni jina la mtoto wa kwanza: ukimtaja Ngalula majirani wanatazamana, ukisema Mama Patrick unapelekwa hadi mlangoni.

Waliokulia kambi za Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, walitawanyika hasa baada ya 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoachishwa kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Wenzetu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa huku Katanga mwaka 1992 na 1993 watafuteni kule Kasai, miji ya Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi. Hao msiwaandikie kana kwamba walihama kwa kupenda. Anzeni kwa salamu na pole. Habari ya mchango isubiri.

Picha ya darasa ndiyo hufungua vinywa. Ilazeni mezani karibu na dirisha, jua lisiipige, zimeni taa ya kamera, simu iwe juu yake sambamba kabisa. Kama imegandamana na plastiki ya albamu, msiibandue, rangi ya nyuso itabaki kwenye plastiki. Ipigeni humo humo, mkiinamisha albamu kidogo kidogo hadi mng'ao uondoke. Chapeni nakala ya A4, muandike namba juu ya kila kichwa, mstari wa mbele kwanza, kushoto kwenda kulia, kisha muipige picha nakala hiyo. Bila namba mtajibiwa "yule mwenye shati jeupe", na wote walivaa shati jeupe! Itumeni kama faili, maana WhatsApp ikiifinya nyuso huwa ukungu.

Mkutano wenyewe uwekeni kati ya Mei na Septemba, mvua haipo. Mkipanga kuzungumza kwa simu, kumbukeni Kinshasa iko nyuma kwa saa moja: saa mbili usiku ya huku, wengi wa kule bado wako barabarani.

Pesa msiikusanye kabla ya kujua bei ya ukumbi na chakula. Mmoja atunze, mwingine aandike, wa tatu akague kila Jumamosi. Dola na faranga ziandikwe kando kando, la sivyo kiwango kikibadilika hesabu inagombanisha watu. Na anayenyamaza kundini msimwite mwenye majivuno. Mara nyingi anaogopa mchango. Mpigieni faraghani, mwambieni aje tu.

Siku hiyo mwalimu apewe kiti cha mbele na daftari, aite majina kama zamani. Likifika jina la aliyefariki, aitikie yule aliyekaa naye dawati moja.