Python kwenye Windows, Ubuntu na Mac: usichome bando kabla hujaitazama mashine

Ndugu wa Gulu, umeuliza kwa nini Python, ile lugha ya kuandikia programu, inagoma kwenye laptopu yako ya mtumba yenye Windows ilhali mwenzako mwenye Ubuntu (mfumo mwingine wa kompyuta) hana shida. Pole. Nilipita humo humo nikiwa Arua, na karo niliyolipa kujifunza ilikuwa MB za bando.

Kwanza bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, uone una Windows gani. Mimi sikufanya hivyo. Nilishusha Python mpya kabisa kwa bando la usiku, nikaibonyeza, ikakataa katakata. Kumbe mashine ilikuwa Windows 7, na kuanzia toleo la 3.9 Python haiitambui tena Windows hiyo. Mwisho wake ni 3.8, na kisakinishi cha mwisho cha mfululizo huo, 3.8.10, bado kipo python.org. Tazama pia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64. Faili la 64 halifunguki kwenye 32.

Kisakinishi kikifunguka, usikimbilie Install Now. Chini ya ukurasa ule wa kwanza kuna kisanduku kinachotaja PATH, yaani orodha ya mahali Windows inapotafuta programu. Kitie tiki. Usipokitia, ukiandika python kwenye dirisha jeusi la amri, Windows 7 itasema haijui hilo neno, na Windows 10 itakufungulia duka la Microsoft kana kwamba hujasakinisha kitu. Nilifuta na kusakinisha upya mara tatu kwa sababu hiyo. Siku hizi nikikuta mashine ya mtu iko hivyo naandika py tu, inaitika hata bila tiki.

Mwenzako wa Ubuntu hana shida kwa kuwa aliikuta Python ndani. Aandike python3, si python. Lakini mwonye asije akaiondoa ile ya mfumo ili "aweke mpya". Mimi niliiondoa. Programu nyingi za Ubuntu zinaitegemea, zikaondoka nayo, nikawasha asubuhi nikakuta maandishi meupe kwenye weusi. Fundi mmoja wa mjini alitaka kuniuzia diski mpya! Nikasakinisha Ubuntu upya kwa flashi ya kuazima.

Na pip, chombo cha kushushia vifurushi vya Python, ikimkatalia kwa maneno externally-managed-environment, hajakosea kitu. Ubuntu inafanya hivyo tangu 23.04. Asakinishe python3-venv kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu, kisha atengeneze na kuwasha chumba chake cha Python, mbali na ile ya mfumo:

python3 -m venv kazi
source kazi/bin/activate

Hapo pip itatulia.

Mac sina yangu, nimeshika ya binamu tu. Apple waliondoa Python 2 kwenye macOS 12.3, mwaka 2022. Ukiandika python3, inaweza kukuomba ushushe zana zao za waprogramu, na huo ni mzigo mkubwa kwa bando. Faili la python.org ni jepesi zaidi.

Winver imekuambia nini? Andika hapa, na biti zake pia.