Msamiati wa Kiingereza kwa ajili ya mtihani wa GRE

Mwalimu, umeeleza kwamba unafundisha Kasulu, unajiandaa kwa GRE ili uombe masomo ya uzamili Marekani, na kwamba maneno unayokariri usiku kutoka kwenye orodha ndefu hukutoka kichwani kabla ya wiki kwisha.

Iweke kando orodha hiyo kwa sasa. Maswali ya vinyume yaliondolewa mwaka 2011. Leo unapimwa namna unavyoelewa neno ndani ya sentensi, na lipo swali linalokupa sentensi yenye pengo moja na maneno sita, nawe huchagua mawili yanayoipa sentensi maana ileile, bila kupata alama yoyote ukipatia moja tu. Ndiyo maana nakusihi ujifunze maneno kwa makundi ya maana. Weka pamoja “terse”, “laconic” na “taciturn”, ambayo yote yanahusu uchache wa maneno, kisha uandike kila moja kwenye kadi yake pamoja na sentensi uliyoikuta ukisoma, kwa sababu sentensi ya kujitungia mara nyingi hurudia kosa ulilonalo tayari. Kadi uliyoipatia irudie baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Uliyoikosa irudi kesho yake.

Ukishuka Kigoma mjini, pakua makala ndefu za sayansi na historia uzisome nyumbani bila intaneti. Majaribio ya bure ya ETS, ambao ndio watungaji wa mtihani, yafanye kwa kufuata muda: sehemu ya lugha ina maswali 27 kwa dakika 41.