Nyumba 320 juu ya kijito: tupime nini kwanza?

Ukurasa wa maswali na majibu kuhusu ardhi, makazi na mazingira

*Wahariri, salamu. Nipo kwenye kamati ya mazingira ya mtaa wetu, hapa Dar es Salaam. Kuna kampuni inataka kujenga nyumba 320 za ghorofa kwenye hekta 4 za nyasi na miembe, juu kidogo ya kijito. Mkutano wa wananchi ni wiki tatu zijazo. Mwenye mradi anahesabu faida: nyumba, ajira, barabara ya lami. Wazee wanasema maji yatatumaliza. Vitu viwili visivyofanana tunavipimaje? — Mjumbe, Ubungo*

Ndugu mjumbe, anzeni na maji, kwa sababu maji yanahesabika kwa penseli na karatasi.

Chukua mvua ya masika ya milimita 60 kwa saa. Juu ya hekta 4 hiyo ni mita za ujazo 2,400 za maji ndani ya saa moja. Uwanja ukiwa nyasi na miti, kama asilimia 30 hutiririka, nyingine huzama au hushikwa na majani. Hapo kijito kinapokea mita za ujazo 720, yaani lita 200 kila sekunde. Eneo likishajaa mapaa, lami na vitofali vya kusakafia, asilimia 75 hutiririka: mita za ujazo 1,800, yaani lita 500 kila sekunde. Tofauti ni mita za ujazo 1,080. Hayo ndiyo maji ambayo leo hayapo kwenye mtaro wa jirani na kesho yatakuwepo. Wazee wenu hawakukosea.

Swali la kwanza mkutanoni liwe hilo: mita za ujazo 1,080 zitakaa wapi? Jibu linalofaa ni bwawa la kuyashikilia maji kwa muda. Likiwa na kina cha mita moja linahitaji mita za mraba 1,080 hivi, kama sehemu moja ya saba ya uwanja wa mpira. Kwa mradi wa hekta 4 si dai kubwa. Mwenye mradi akisema "tutajenga mitaro mikubwa", mwambieni mtaro mkubwa haupunguzi maji, unayafikisha tu haraka kwa wanaokaa chini.

Bwawa lenyewe huharibikia mahali padogo: bomba la kutolea. Ili litoe zile lita 200 tu kwa sekunde maji yakiwa yamesimama mita moja juu yake, bomba linatakiwa liwe na kipenyo cha sentimita 30 hivi. Fundi akiliona huliona dogo, anahofia maji yatatuama, anaweka la sentimita 60. Hilo lina eneo mara nne, linapitisha lita 800 kwa sekunde, na mvua yote inapita kama vile bwawa halipo. Kwa hiyo kipenyo kiandikwe kwenye mchoro, na siku ya kulaza bomba mtu wa kamati awepo na futi kamba. Wekeni pia chekecheo la nondo mbele ya tundu, kwa sababu chupa na mifuko huliziba kwenye mvua ya kwanza ya vuli, na andikeni nani atalisafisha na kwa fedha ipi. Jambo jingine: bwawa lichorwe kwenye ramani ya upimaji kama eneo la umma. Likiandikwa "eneo la matumizi ya baadaye", litauzwa kama kiwanja.

Kisha shikeni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au ziwa. Hupimwa kutoka ukingoni, si kutoka katikati ya maji. Nendeni na mtendaji wa mtaa na mpima ardhi kabla uzio haujasimama, mkaweke vigingi. Kijito cha Dar es Salaam huhama: mchanga ukichimbwa chini, ukingo hubomoka juu, na mita 60 za mchoro wa zamani zinaweza kuwa zimepungua sana leo.

Sasa tugeukie faida, nazo zipimwe kwa ukali uleule. Nyumba ni faida ya kweli, ila ulizeni bei. Tuseme moja ni shilingi milioni 60, mkopo wa miaka 15, riba asilimia 13. Rejesho la mwezi ni kama shilingi 759,000. Familia ikitumia asilimia 30 ya kipato kwa nyumba, inahitaji kuingiza shilingi milioni 2.5 kwa mwezi. Wangapi mtaani kwenu wanaingiza hivyo? Kama ni wachache, mradi bado unaweza kuwa mzuri, lakini faida yake inakwenda kwa watu wengine huku maji yakibaki kwenu, na hapo ndipo mna haki ya kudai kitu kinachobaki: sehemu ya nyumba za bei ya chini iliyoandikwa kwa idadi, bwawa, njia ya miguu, shamba la miti kandokando ya kijito. Ajira za ujenzi huisha jengo likiisha. Zihesabuni kwa miezi. Barabara ya lami ihesabiwe kuwa faida ya umma kama inapita mtaani. Ikiishia getini ni ya wenye nyumba.

Usikubali tathmini ya athari kwa mazingira ionekane kwa mara ya kwanza siku ya mkutano. Kanuni zinataka iwe na muhtasari kwa Kiswahili usiohitaji utaalamu kuusoma. Ombeni nakala sasa, kwa barua yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Fungueni kwanza sura ya njia mbadala. Ikiwa imeandikwa nusu ukurasa kwamba "mahali pengine hapafai", mjue hakuna aliyepima mahali pengine.

*Kwenye mradi wa jirani yetu wanasema maji taka si tatizo, kila jengo litakuwa na karo na shimo la kunyonyea. Inatosha? — Msomaji, Tabata*

Inategemea udongo, na mara nyingi Dar es Salaam jibu ni hapana.

Tuchukue tena nyumba 320, watu watano kila moja: watu 1,600. Kila mtu akitumia lita 100 kwa siku, na asilimia 80 zikarudi kama maji taka, ni lita 128,000 kila siku, Jumapili pamoja. Udongo wa kichanga hunyonya kama lita 50 kwa mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo kuta za mashimo zote kwa pamoja zinatakiwa zifike mita za mraba 2,560. Udongo wa mfinyanzi hunyonya kama lita 10, na hesabu inapanda hadi 12,800, yaani hekta nzima na zaidi. Ardhi hiyo haipo. Kinachofuata mnakijua: mashimo yanajaa, gari la kunyonya la lita 10,000 linahitajika mara 13 kwa siku, gharama inawashinda wakazi, na usiku wa mvua mtu anafungua kifuniko ili mvua ibebe.

Kipimo ni rahisi, na kifanywe mwezi wa nne, si wa tisa. Chimbeni shimo linalozidi kina cha shimo la kunyonyea kwa mita 1.5. Maji ya ardhini yakionekana, mjadala umekwisha. Kama ni kavu, chimbeni jingine dogo la sentimita 30 kwa 30 hadi kina kilichokusudiwa, lijazeni maji lilale usiku kucha, kesho yake jazeni tena sentimita 20 mkatazame saa. Maji yakichukua zaidi ya saa moja kushuka sentimita 2.5, udongo huo haufai. Ripoti nyingi za tathmini ya mazingira hubeba kipimo cha kiangazi kwa sababu ndipo mtaalamu alipofika, na kipimo hicho husema uongo bila mtu yeyote kukusudia.

Panapofikika bomba kuu la maji taka la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, mradi uunganishwe huko, na barua ya DAWASA ya kukubali kiasi hicho cha maji iwe kwenye ripoti. Pasipofikika, ujengwe mtambo mmoja mdogo wa pamoja: matangi ya kutuamisha, kisha kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, mita ya mraba 1 hadi 2 kwa kila mtu. Kwa watu 1,600 si chini ya mita za mraba 1,600. Kitanda hicho huziba pale tope la matangi ya mbele lisipotolewa kila miaka miwili au mitatu, na kikishaziba kokoto zote hutolewa zikaoshwa. Pia kagueni mabomba ya paa. Fundi akiyaelekeza kwenye bomba la maji taka ili apunguze kuchimba, mvua moja itaufurisha mtambo mzima.

*Wahariri, nasoma barua zenu naona kila mradi unapingwa. Nimepanga chumba kimoja na watoto watatu Manzese. Sisi tukaishi wapi? — Mama wa watoto watatu*

Pole na hongera kwa kuuliza, dada yetu, maana swali lako huachwa nje ya mizani, na ni kosa kubwa. Kukataa mradi nako kuna athari kwa mazingira.

Nyumba 320 zisipojengwa kwa ghorofa kwenye hekta 4, wenye uwezo watanunua viwanja pembeni ya jiji. Viwanja 320 vya mita za mraba 500, ukiweka barabara na maeneo ya wazi kwa asilimia 30, vinameza karibu hekta 23 za mikorosho na mashamba. Kila nyumba itachimba shimo lake, na kila asubuhi watu watapanda daladala mbili kufika kazini. Kama nauli ni shilingi 1,000 kwa safari, watu wawili kwa siku 26 wanatumia shilingi 104,000 kwa mwezi, fedha ambayo ingekuwa kodi ya nyumba.

Jiji limeshaonja pande zote mbili. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu 40, familia za bonde la Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande. Palikuwa salama kwa mafuriko, lakini mbali na kazi, soko na hospitali, na baadhi ya watu wakarudi bondeni. Magomeni Kota ni mfano wa upande wa pili: ardhi iliyokuwa na kota za zamani ikajengwa maghorofa, nyumba 644 kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale, yakazinduliwa Machi 2022. Barabara ilikuwepo, mabasi ya mwendokasi yanapita karibu, na hakuna shamba lililofyekwa. Kwetu sisi, mradi wa aina hiyo uungwe mkono hata kama utaleta vumbi na kelele za miaka mitatu, mradi kaya zilizokuwepo zimeandikwa kwa majina kabla nyumba ya kwanza haijabomolewa.

Kwa hiyo mkutanoni kwenu nenda, dada, na uzungumze. Wanaofika kwenye mikutano hii mara nyingi ni wenye nyumba tayari. Mpangaji naye ni mwananchi wa eneo husika, na maoni yake yanatakiwa yaingie kwenye muhtasari wa kikao. Uliza idadi ya vyumba vya kupangisha na kodi yake, na omba jibu liandikwe.

*Cheti cha mazingira kimeshatolewa na greda liko uwanjani. Tumechelewa? — Msomaji, Bunju*

Kwa kuzuia, pengine. Kwa kusimamia, ndiyo kwanza mmeanza. Cheti hutolewa na masharti, na ripoti ya tathmini ina mpango wa usimamizi wa mazingira wenye jedwali: athari, hatua, anayehusika, gharama, muda. Ombeni nakala ya vyote viwili kwa afisa mazingira wa halmashauri. Tazameni safu ya gharama. Hatua iliyoachwa wazi au kuandikwa "ndani ya bajeti ya mradi" haina fedha, na kwa kawaida haifanywi.

Wiki hii angalieni mambo mawili. Kifusi kinamwagwa wapi: kikiwa ukingoni mwa kijito, pigeni picha zenye tarehe, tatu za siku tofauti, mpeleke kwa mtendaji na ofisi ya mazingira ya kanda pamoja na namba ya sharti lililovunjwa. Malalamiko yenye namba ya sharti hujibiwa haraka kuliko yanayosema "tunateseka". Na ulizeni mchanga unatoka wapi. Kila mita ya ujazo ya zege hula karibu nusu mita ya mchanga, na magari yakiupakia kutoka mto wa jirani usiku, ukingo unaobomoka mwakani utakuwa wa mtaa ambao haukuitwa kwenye mkutano wowote. Ombeni kuona kibali cha machimbo na stakabadhi za mizigo, mlinganishe tarehe zake na siku magari yalipoingia.