Nimeze vidonge vya mama vya sukari nisije nikasahau?

SWALI: Shikamoo mama. Nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mama yangu ana sukari mwaka wa kumi huu, anatumia metfomini na glibenklamidi. Siku hizi anasahau sana. Humeza dawa alfajiri ninapotoka, nami hurudi na vitafunio saa nne. Mara nyingi namkuta anatoka jasho, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Kwenye kivuko cha Kamanga nimesikia dawa za sukari zinazuia ugonjwa wa kusahau. Mimi sina sukari. Nimeze metfomini yake, kimoja kila siku?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimeze.

Uliyoyasikia hayakuzuka hewani. Kisukari cha aina ya pili huongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu, ndiyo maana watafiti wakazigeukia dawa zake. Sindano ya eksenatidi, iliyotokana na mate ya mjusi mmoja mwenye sumu wa Marekani, ilitupa matumaini kwa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, mwaka 2017. Niliyafuatilia kwa hamu. Mwaka 2025 yakatoka majibu ya jaribio kubwa zaidi la Uingereza, watu 194: haikusaidia. Mwaka huohuo semaglutidi, dawa nyingine ya sukari, nayo ilishindwa kupunguza kasi ya Alzheimer, huo ugonjwa wa kusahau, kwa watu zaidi ya 3,800. Metfomini bado inachunguzwa. Kwa asiye na sukari, sina sababu ya kumpa.

Kilichoninyima usingizi ni hilo jasho la saa nne. Glibenklamidi humezwa pamoja na chakula. Mzee akiimeza na kukaa na njaa, sukari hushuka, na ubongo usio na sukari huchanganya majina. Ukimkuta hivyo, mpime palepale. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), au huna kipimo, mpe chai yenye sukari nyingi maadamu anaweza kumeza, kisha ale.

Tena metfomini ya miaka mingi hupunguza vitamini B12, hata kwenye nyumba inayokula dagaa kila siku, kwa sababu mwili unashindwa kuifyonza. Upungufu huo huleta usahaulifu na ganzi miguuni, na unatibika. Wiki hii mpeleke kliniki na pakiti zake zote, uombe B12 na figo vipimwe. Usimwachishe dawa mwenyewe.

Na kesho alfajiri, kabla hujashuka Mwaloni, mwachie uji kwenye chupa ya chai. Anywe ndipo ameze.