Begi la Mtoto Limejaa, la Mama Je?

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu siku za mwanzo baada ya kujifungua. Tumechagua tano. Wanaojibu ni wakunga wa safu hii.

Nina mimba ya wiki 35, uzazi wa kwanza. Naishi chumba na sebule, choo tunachangia wapangaji wanne. Begi la mtoto limejaa hadi zipu haifungi. La kwangu lina khanga mbili na mswaki. Niongeze nini, na nyumbani niandae nini kabla uchungu haujaanza?
*Mama Kijacho, Mbagala*

Umeliona mapema, dada. Mabegi mengi yanayofika leba yako hivyohivyo: soksi za mtoto jozi kumi, pedi za mama pakiti moja. Kwa joto la Dar soksi jozi mbili zinatosha, hiyo pesa nyingine ihamishie kwako.

Anza na damu. Kondo la nyuma likishatoka, pale lilipokuwa limeshika panabaki kidonda ndani ya mji wa mimba, na damu ya nifasi inatoka hapo wakati kidonda kinapona. Siku 3 au 4 za kwanza huwa nyekundu kabisa, kisha hupauka kuelekea rangi ya kahawia hadi siku ya 10 hivi, halafu hubaki majimaji ya manjano au meupe mpaka wiki ya 4, kwa wengine ya 6. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa 3 hadi 4 hata kama haijajaa, kwa sababu damu iliyolala kwenye joto ni chakula cha vijidudu. Sasa piga hesabu. Pedi 8 kwa siku kwa siku 3 ni 24. Pedi 5 kwa siku kwa siku 7 zinazofuata ni 35. Hizo ni 59, kwa hiyo nunua pakiti 6 za pedi 10, zile ndefu nene za wazazi, zisizo na manukato. Vitambaa vya khanga navyo vinafaa vikifuliwa kwa sabuni, vikakauka kabisa juani na kupigwa pasi. Ila ukitarajia kujifungua wakati wa masika, Machi hadi Mei, vitambaa vitakuangusha: vinashinda kwenye kamba na jioni bado vina unyevu.

Ongeza chupi 6 za pamba, namba moja juu ya unayovaa, za kupita kitovu. Hata kama hutarajii upasuaji zichukue hizo, maana ukipasuliwa, mpira wa chupi fupi unakaa juu ya mshono kabisa. Khanga doti 3, za zamani na laini. Jagi la plastiki la lita 1, beseni la kuogea lisilofuliwa nguo za watu wengine, chupa ya maji ya kunywa, na parasetamoli.

Suala la choo ni zito kuliko linavyoonekana. Kibofu kikijaa kinausukuma mji wa mimba juu na kuuzuia kujikaza, na usipojikaza damu inaongezeka. Tena siku za mwanzo kibofu kinaweza kujaa usihisi. Kwa hiyo usisubiri kubanwa, kojoa kila saa 3 hadi 4, mchana na usiku. Haja ndogo ya kwanza itoke ndani ya saa 6 baada ya kujifungua; isipotoka mwambie muuguzi, usione haya. Nyumbani weka ndoo ndogo yenye mfuniko chumbani kwa ajili ya usiku, upunguze safari za gizani kwenye choo chenye sakafu ya kuteleza.

Maji yajazwe kwenye madumu kabla, na awepo wa kuyabeba. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na kwa wiki 6 wewe si mbebaji wa kitu kizito kuliko mtoto wako. Hapo ndipo maandalizi ya wengi yanapovuja: wanasema "ndugu watakuja". Andika majina. Nani anapika, nani anafua, nani analala nawe usiku kwa siku 7 za kwanza. Kwenye karatasi hiyohiyo andika namba za madereva wawili wa bajaji wanaopokea simu usiku, na 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na wazazi. Bodaboda na msamba ulioshonwa (nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa) havipatani.

Mke wangu amejifungua juzi, ameongezewa njia na kushonwa. Anaogopa haja kubwa hadi amepunguza kula. Duka la dawa wameniuzia dawa ya maji ya kuua vijidudu niichanganye kwenye maji yake ya kuoshea. Ni sawa?
*Mume, Kimara*

Hiyo dawa, shemeji, ipeleke ikadekie sakafu. Kwenye kidonda inaunguza ngozi changa inayojaribu kuota. Maji safi yanatosha. Aoshe kila baada ya haja, kutoka mbele kwenda nyuma, kisha ajikaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi, bila kusugua. Wakati wa kukojoa ajimiminie maji ya vuguvugu kutoka kwenye jagi, kwa sababu mkojo uliochanganyika na maji hauwashi sana. Chumvi kwenye beseni haina madhara ila haiharakishi kupona. Akiona inampa nafuu aendelee. Kwa uvimbe wa siku mbili za kwanza tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, kisha aitoe. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja.

Dawa ya maumivu: parasetamoli za miligramu 500, vidonge 2 kila saa 6 hadi 8, visizidi 8 kwa siku nzima. Isipotosha, anaweza kuongeza ibuprofeni ya miligramu 400 kila saa 8, baada ya kula. Zote mbili hazimzuii kunyonyesha. Ila kama ana vidonda vya tumbo, pumu, ugonjwa wa figo au presha ya mimba, ibuprofeni isubiri kauli ya daktari. Na usome pakiti: dawa nyingi za mafua na za "mseto" zina parasetamoli ndani, mtu akazidisha bila kujua.

Kuhusu kula, anajitengenezea lile analoliogopa. Choo kidogo kinakaa muda mrefu tumboni, utumbo unakinyonya maji, kinatoka kikavu kama kokoto. Mpe papai bivu asubuhi, matembele au mchicha, maharage, uji wa dona, na maji lita 2.5 hadi 3 kwa siku. Vidonge vya kuongeza damu navyo vinakaza choo na kukifanya cheusi. Asiviache. Avimeze na maji ya chungwa au ya ndimu, na chai isogezwe mbali navyo kwa saa 1 au 2, maana chai inazuia madini ya chuma yasifyonzwe.

Haja ya kwanza kwa kawaida huja siku ya 2 au ya 3. Ikimjia asiizuie. Ainame mbele kidogo, ashikilie pedi safi kwenye msamba kwa kiganja na kuusukuma taratibu kwa juu, kisha atoe pumzi badala ya kujikaza. Haja haikati nyuzi. Siku ya 4 ikifika bila kitu, aulizie kituoni dawa ya kulainisha choo. Nyuzi zinayeyuka zenyewe ndani ya wiki chache, na vipande vikidondoka kwenye pedi msitishike. Kinachowapeleka kituoni ni kidonda kuachia, usaha, harufu, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua.

Na kama umeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa baba angalau siku 3 za likizo ndani ya siku 7 za kuzaliwa kwa mtoto. Zitumie kufua na kupika, wageni waje baadaye.

Hamjambo wanangu? Binti yangu amepangiwa upasuaji wiki ijayo. Kliniki wametukataza kumkanda kwa maji ya moto. Sisi tulikandwa siku arobaini na tukapona. Asipokandwa damu mbaya itatokaje, na tumbo litarudije?
*Bibi Mtarajiwa, Temeke*

Shikamoo mama. Kuna jambo kwenye kukandwa ambalo ni la kweli kabisa: mzazi hakuachwa peke yake. Alikuwa na mtu wa kumwogesha, kumlisha na kumlaza kila siku kwa siku arobaini. Tungependa binti yako apate hayo yote. Tunachoomba kibaki jikoni ni sufuria la maji yanayochemka.

Hakuna damu nzuri na mbaya, mama. Inayotoka ni ile ya kidonda cha ndani, na inatolewa na mji wa mimba wenyewe unapojikaza. Unajikaza hasa mtoto anaponyonya, ndiyo maana mzazi anasikia tumbo likimkata akimweka titini. Moto wa nje haufiki huko. Unachofanya ni kutanua mishipa ya damu ya ngozini, na mzazi aliyepoteza damu akisimamishwa kwenye mvuke anapata kizunguzungu, wengine wanaanguka bafuni.

Kwa aliyepasuliwa hatari zinaongezeka. Ganzi ya mgongoni humfanya asihisi sehemu ya chini kwa saa kadhaa, na hata ikiisha, ngozi inayozunguka mshono hubaki imekufa ganzi kwa wiki nyingi, kwa wengine miezi. Maana yake ukimuuliza "yanaunguza?" atajibu hapana, huku ngozi inababuka. Halafu kuna lile la kukandamiza tumbo kwa nguvu: mshono uko wa nje na wa ndani, na ule wa kwenye mji wa mimba hauuoni. Na kitambaa kinachofunika mshono kikilowa, kidonda nacho kinabaki na unyevu, na usaha huanzia hapo.

Mikono yako bado ina kazi. Mkande mabega, shingo na kiuno kwa taulo la vuguvugu, maji uliyoyapima kwa kiwiko kama unavyopima ya mtoto. Muogeshe kwa maji hayohayo, mshono ukaushwe kwa kitambaa safi kilichotengwa kwa kazi hiyo tu. Kitandani mfundishe kugeuka kiubavu kwanza, ashushe miguu, ndipo ajisukume kwa mikono. Akiinuka kwa tumbo ataumia. Akikohoa au kucheka, akumbatie mto juu ya mshono. Atembee kuanzia siku ya kwanza au ya pili, chumbani kwenda barazani tu, kwa sababu kulala kutwa kunafanya damu igande miguuni. Akivimba mguu mmoja na kuuma kwenye shavu la mguu usiusugue hata kidogo, mpeleke hospitali.

Tumbo linarudi polepole. Mji wa mimba hushuka karibu upana wa kidole kimoja kila siku, na baada ya wiki 2 hivi huwezi kuupapasa tena juu ya mfupa wa kinena. Khanga ya kumshika tumbo si mbaya, mradi kiganja chako kipite kati ya khanga na ngozi, na ifunguliwe akilala. Ile ya kukaza hadi apumue kwa shida inasukuma uzito wote chini, kwenye misuli inayozuia mkojo, na baadaye akipiga chafya anajichafua. Misuli hiyo ianze mazoezi mapema, mpira wa mkojo ukishatolewa: abane kama anayezuia upepo usitoke, ahesabu 5, aachie. Mara 10, mara tatu kwa siku.

Uji wa pilipili manga mpe, usiwe mkali wa kumkata koo. Lakini maziwa yanaletwa na mtoto kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Asinyimwe mayai, samaki wala matunda. Mpe, na umwongezee mlo mmoja.

Huyu ni mtoto wangu wa tatu, ana siku 4. Chango linanikata kuliko kwa wa kwanza, na leo nilipoamka limetoka bonge la damu. Nikimbilie hospitali?
*Mama wa Watatu, Kigamboni*

Chango la uzazi huwa kali zaidi kadiri unavyozaa, kwa kuwa mji wa mimba uliotanuka mara nyingi hujikaza kwa nguvu zaidi. Kojoa kabla ya kunyonyesha na umeze dawa ya maumivu nusu saa kabla. Bonge moja dogo ukiamka ni damu iliyojikusanya ulipolala.

Bonge kubwa kama yai la kuku, au pedi moja kulowa chapachapa ndani ya saa moja, hilo ni la kuondoka sasa hivi. Njiani lala, weka mtoto titini, na usugue tumbo chini ya kitovu hadi lihisike gumu. Ondoka vilevile kwa homa ya nyuzi 38 na zaidi, harufu mbaya, kichwa kinachouma sana huku macho yanaona ukungu, kifua kubana au pumzi kukatika. Kichwa hicho na ukungu ni dalili za kifafa cha mimba, nacho kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, wewe ambaye presha haikukusumbua nawe umo. Kulialia siku ya 3 hadi ya 10 hutokea kwa wengi. Kukipita wiki 2, au ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu siku hiyohiyo na uende kituoni.

Na usikae nyumbani hadi arobaini. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na 14, na wiki ya 6.

Arobaini inakaribia. Nimeambiwa ninayenyonyesha sishiki mimba. Kweli?
*Msomaji, Tabata*

Kweli kwa masharti matatu yakiwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto ananyonya maziwa yako tu usiku na mchana bila maji wala uji, na hajafikisha miezi 6. Moja likikosekana unaweza kushika, tena kabla ya kuona hedhi ya kwanza. Tendo lisubiri damu ikome na kidonda kipone, siku arobaini ni kadirio zuri. Kwa kupanga uzazi, kijiti cha mkononi kinawekwa wakati wowote baada ya kujifungua. Kitanzi kinawekwa ndani ya saa 48 au kuanzia wiki ya 4, kwa hiyo ukienda kliniki ya wiki ya 6 nenda umeshazungumza na mwenzako.