Taa ya mbele inacheza? Usikimbilie bisibisi

Nyie mnaoanza kushikashika gari zenu nyumbani, hili la taa ya mbele nawaambia kwa sababu mi lilinitokea puani. Vitz yangu taa ya kushoto ilikua inamulika majani ya miembe badala ya barabara, nikafungua boneti nikaona nyuma ya taa kuna kiskrubu cha plastiki cheupe, kile cha kupandisha na kushusha mwanga, nikachukua bisibisi ya nyota nikazungusha, nazungusha nazungusha mpaka nikasikia "tak" ndani, kile kioo cha ndani kinachorudisha mwanga kikabaki kinaning'inia kama jino la mtoto. Kumbe skrubu haikua na shida yoyote, taa nzima ndo ilikua imelegea, sikio lake la juu (kile kishikio cha plastiki kinachopita bolti) lilikatika siku niliyoligusa geti la nyumbani na sikumwambia mtu. Nikaishia Gerezani, kule Kariakoo kwenye spea, kutafuta taa yuzidi.

Kwa hiyo kabla ya yote zima gari, shika taa kwa mikono miwili uitikise. Ikicheza yote, shida ni bolti au masikio. Bolti nyingi ni spana namba 10, za juu utaziona, nyingine zimejificha nyuma ya bampa na hapo itabidi uilegeze bampa, nunua kabisa klipu chache za bampa maana za zamani zimekauka, ukizigusa tu zinapasuka. Sikio likiwa limekatika achana na supagluu, inashika vizuri hapo uani alafu matuta mawili matatu tu inaachia. Kata kipande cha bati ukilaze juu ya ufa, skrubu fupi huku na huku, malizia na ile gundi ya kuchanganya tyubu mbili uiache mpaka kesho yake. Angalia skrubu isitoboe boksi la taa, maji yakiingia utaanza kesi nyingine.

Kama taa imekaa imara ila usiku kwenye barabara mbovu mwanga unacheza dansi, basi kilichoachia ni kioo cha ndani. Hiyo kwa anayeanza mi nasema mpelekee fundi.

Na kama hakuna kinachocheza ila mwanga umetapakaa hovyo, angalia balbu kwanza, hasa kama ilibadilishwa juzijuzi. H4 (ile balbu moja yenye mwanga wa chini na fulu humohumo) ina masikio matatu na inakaa kwa namna moja tu, ila mtu akiwa na haraka inakaa upande na ile waya ya springi inaibana hivyohivyo. Ukiitoa usiguse kioo chake kwa vidole, mafuta ya mkono yanaiunguza mapema. Na zile LED za kuchomeka kwenye taa iliyotengenezewa balbu ya kawaida, we unaona kweupe, anayekuja mbele yako haoni kitu.

Haya, sasa ndo bisibisi. Tafuta ukuta na sehemu iliyo sawa, tairi zote ziwe na upepo wake, kama kuna kile kigurudumu cha kushusha taa kwenye dashibodi kiweke sifuri, na mtu akae siti ya dereva (mi nilimkalisha mdogo wangu, akawa anachati tu). Sogeza gari mpaka karibu na ukuta ubandike tepu usawa wa katikati ya taa, alafu rudi nyuma mita 5, washa taa za chini. Ule mstari wa mwanga unatakiwa uwe sentimita 5 chini ya tepu, yani kila mita moja inashuka sentimita moja. Simamisha boksi mbele ya taa moja urekebishe nyingine kwa kile kiskrubu cha nyuma ya taa, robo mzunguko, unaangalia, robo tena. Kwa H4 ukishaweka ya chini sawa fulu nayo imekaa.

Sisi tunaoendesha kushoto mstari unalala upande wa kulia na kupanda kidogo upande wa kushoto. Ukiona wako unapanda kulia, umeuziwa taa ya gari la usukani wa kushoto, kama yale yanayotoka Dubai, na hapo hata uzungushe mpaka asubuhi haiji, irudishe dukani.

Tepu usiibandue kwanza, tembelea wiki nzima alafu rudi upime tena, yangu ilikua imeshuka kidogo nikakaza bolti moja. Bado iko ukutani mpaka leo, mama mwenye nyumba kashaniuliza mara mbili ni ya nini.