Kwa admini mpya wa kundi la wakulima wa viazi

Ndugu uliyekabidhiwa kundi la WhatsApp, iwe Umalila, Isyonje au Kilolo, usihangaike kuwinda roboti, yaani wanaobandika majibu yaliyoandikwa na akili mnemba. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika majibu yenyewe, ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, aya iliyonyooka haithibitishi tena kwamba mwandishi anajua analosema. Ukianza kushuku kila anayeandika vizuri, utamfukuza mwalimu mstaafu mwenye shamba lake. Wewe angalia kama anayejibu anaweza kuulizwa swali la pili.

Mkulima anatuma picha: viazi vimenyauka ghafla, majani bado ya kijani. Papo hapo linakuja jibu refu lenye namba: apulizie dawa ya ukungu. Linasomeka vizuri, na linaweza kumla hela bure, maana kama ni mnyauko bakteria, dawa ya ukungu haiutibu. Aliyewahi kuuguza shamba atamwambia akate kipande cha shina karibu na udongo, akining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa, asubiri dakika chache. Utelezi mweupe ukianza kushuka kama uzi, ni bakteria. Ang'oe mmea mzima, na viazi vya shamba hilo asimpe mtu mbegu.

Basi muulize yule aliyeleta jibu refu: uliliona shamba gani, mbegu ipi, msimu upi? Aliyenakili kwenye akili mnemba atanyamaza au atashusha aya nyingine. Aliyeitumia kupanga maneno tu, lakini jembe analishika, atajibu kwa sentensi moja. Huyo mwache, ni mwenzetu. Kwenye bei fanya vivyo hivyo: bei ya gunia bila kusema ni kilo ngapi au ni lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, haimsaidii mtu.

Matapeli wa kuzalisha pesa futa bila mjadala. Washa idhini ya kuingia, na linki isizagae Facebook.

Kinachoniuma zaidi ni wajuzi kunyamaza. Wazee wengi wanaojua udongo wetu hawapendi kuchapa, na aya za mashine zinawafanya waone hawana la kuongeza. Ruhusu sauti, hata za dakika tano. Mwombe kijana mmoja aandike mistari miwili ya kilichosemwa, pamoja na kijiji cha msemaji, ili wengine wamuulize. Swali likikosa mwenye uzoefu, liache wazi na umwelekeze mkulima kwa afisa ugani au TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mbeya.